Reznov hakutoka Vorkuta, na aliyeliona hilo ni mtoto asojua Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aloandika kwamba vijana wanaokaa kwenye vibanda vya gemu hapa mjini hawapati kitu ila kujifunza kupiga bunduki, na kwamba gemu zenyewe hata hadithi hazina. Simjui na sina ugomvi nae, naona ni mzee anaetutakia kheri. Lakini hilo la hadithi sikubali, maana hadithi ya gemu moja tu sisi barazani kwetu Michenzani tunabishana nayo miaka na miaka na mpaka leo haijesha.

Gemu yenyewe ni Call of Duty: Black Ops, ilotoka Novemba 2010. Mwaka ule naukumbuka vizuri kwa sababu Unguja tulikuwa tumekaa kiza tangu Disemba 2009 mpaka Machi, karibu miezi mitatu kisiwa kizima hakuna umeme, sasa umeme uliporudi kila mtu ana njaa ya tivii, na jamaa mmoja mtaani kwetu akafungua kibanda na mashine mbili za gemu, PS3. Gemu ikatufikia mwaka wa pili yake. Mie ndo nlokuwa na Kiingereza kidogo kwa hivo nikawa natafsiri kwa sauti kama wale wanaotafsiri muvi, mwengine kashika pedi, wengine kumi wamesimama nyuma, na mie nasema huyu anamwambia hivi, yule anamjibu vile.

Kwa asoijua nitaieleza haraka. Mason ni mtu wa CIA, majasusi wa Marekani. Aprili 1961 anapelekwa Cuba kumuua kiongozi wao Castro, anaemuua kumbe ni mtu alofanana nae tu, anakamatwa, anakabidhiwa Mrusi mmoja anaitwa Dragovich na kupelekwa Vorkuta, gereza la kaskazini kabisa kwenye barafu (Vorkuta ni pahala pa kweli, Wasovieti walikuwa na kambi ya wafungwa huko na wafungwa waligoma 1953). Huko wakamtia kasumba mpaka ubongo ukawa si wake, redio ikisoma namba yeye anafanya anachoamriwa. Ndani ya gereza hilohilo akapata rafiki, Viktor Reznov, askari wa Jeshi Jekundu la Wasovieti alopigana Stalingrad 1942 kwenye vita vya pili vya dunia akafika mpaka Berlin, alafu wakubwa wake wenyewe wakamsaliti. Oktoba 1963 wawili hawa wanaongoza wafungwa kuvunja gereza, Mason anarukia treni, Reznov anabaki nyuma. Basi. Ufike Vietnam 1968, Reznov huyo yuko tena, anatembea na Mason bega kwa bega. Sasa mwisho kabisa Mason yuko kwenye kiti anahojiwa, mwenzake Hudson anamwambia: Reznov alikufa siku ile ile ya kutoroka, miaka yote hii umekuwa ukizungumza na mtu ambae hayupo.

Hapo ndo ubishi ulipoanzia. Nusu ya kibanda wakasema uongo, Hudson anamdanganya, Reznov yu hai. Na ushahidi wao mkubwa ulikuwa ile sheria tulokua nayo sote kwenye muvi, steringi hafi. Mtu kama Reznov, na maneno yale, na sauti ile (ni ya Gary Oldman, ndo alomsemea hata kwenye gemu ya World at War ya 2008), hawezi kufa nyuma ya pazia bila ya sisi kuonyeshwa maiti yake.

Sasa Mhariri naomba nikueleze kuhusu mtoto mmoja, na hili ndo lilonifanya nishike kalamu. Alikuja kutoka Pemba kukaa kwa mamaake mdogo hapo jirani, alikuwa na miaka tisa au kumi hivi, Kiingereza hajui hata neno. Kucheza hakuwa na pesa, anakaa kwenye kindoo anaangalia. Siku moja mie sikuwepo, wamecheza bila ya mtu wa kutafsiri, tuko bado Vietnam na lile la mwisho hakuna anaelijua. Jioni nilipopita akanivuta kanzu akaniuliza, "Kaka, yule mzee wa ndevu, mbona hakuna anaemwitikia?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza anamwitikia nani. Akasema yule mzee anaingia, anaongea, anaondoka, na wale wote wengine hawamtazami wala hawamjibu, ila yule mmoja tu. Na akaongeza, kwa sauti ya mtu anaesema jambo linalojulikana, kwamba kwao mtu akiingia pahala penye watu na asisalimiwe na yeyote basi huyo si mtu, huyo anaonwa na mmoja tu.

Tulimcheka. Nasema kweli, tulimcheka, na mie nilokuwa natafsiri kila neno nilicheka zaidi kuliko wote. Wiki mbili baadae tukafika kwenye kile kiti, Hudson akasema alosema, na gemu ikarudia picha zilezile tulizopita lakini safari hii Mason yuko peke yake anaongea na hewa, na kibanda kizima kikageuka kumtazama yule mtoto kwenye kindoo.

Nimefikiri sana kwa nini yeye aliona na mie sikuona. Mie nilikuwa mbioni kukimbiza maneno, nisikie, nigeuze, niseme, macho yangu hayakuwa na nafasi. Yeye hakuwa na maneno ya kushughulika nayo kwa hivo aliangalia watu wanavyoangaliana, jambo ambalo mtoto alolelewa na kufundishwa kupiga hodi na kutoa salamu analijua kabla hajajua kusoma. Na watunzi wa gemu ile waliliweka makusudi. Rudia misheni za Vietnam, Woods na Bowman, askari wenziwe Mason, wako pale, hakuna hata mmoja anaemsemesha Reznov. Alafu nenda Rebirth Island, kile kisiwa cha Bahari ya Aral ambako Wasovieti kweli walikuwa wakijaribu silaha za maradhi. Unacheza kama Mason na unamuona Reznov kwa macho yako anamuua Steiner, mwanasayansi wa Dragovich. Punde unacheza kama Hudson, unafika dirishani, unaona Mason ndie alokamata bastola na anajiita yeye ndo Reznov. Mtu anataka ushahidi gani zaidi ya huo?

Najua watu wa upande wa pili wataniletea Afghanistan. Black Ops II ilotoka 2012, mwaka ni 1986, Mason na wenziwe wamesalitiwa na kutupwa jangwani wafe, na hapo anatokea nani, Reznov. Ndo maana wanasema, umeona, alitoroka Vorkuta akaishi. Hoja hii naiheshimu kwa sababu hapo gemu haikutuonyesha wazi nani alowaokoa. Lakini hebu tazama, anaemuona na kumwita jina ni yule yule Mason, mtu alotiwa kasumba ambayo haikumtoka, tena ana kiu na jua limempiga mpaka hajijui, na kutoka Stalingrad mpaka hapo ni miaka 44. Reznov wa hai angekuwa mzee wa kushika mkongojo. Alokuja jangwani ni yule yule wa Vietnam. Kwangu mie Reznov hakutoka Vorkuta, na hilo halimpunguzii kitu, linamzidishia, maana Dragovich alimtaka Mason amuue Kennedy, rais wa Marekani, na Reznov ndani ya gereza lilelile akaipindua ile kasumba ili Mason awaue Dragovich, msaidizi wake Kravchenko, na Steiner. Kafa, na kisasi chake kikatembea kwa miguu ya mtu mwengine.

La Kennedy ndo linalonitia wasiwasi kidogo, na hapa naungana na yule mzee kwa nusu. Gemu inamuonyesha Mason anakutana na Kennedy na kwa sekunde moja anajiona kamuelekezea bastola, na mwisho kabisa wanaonyesha picha za zamani za Kennedy akiwasili Dallas na Mason yumo kwenye watu. Basi vijana wapo wanaoamini kabisa kwamba ndivo ilivyokuwa. Sivyo. Kennedy aliuliwa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, tume ya serikali yao mwaka 1964 ikasema ni Lee Harvey Oswald peke yake, na kamati ya Bunge lao 1979 ikasema huenda kulikuwa na njama. Mason ni mtu wa kutungwa. Ila lile la kuchezea akili za watu si la kutungwa, CIA walikuwa na mpango wao wa MK-Ultra ulioanza 1953, karatasi zake nyingi zikaharibiwa 1973, na Seneti ikalisikiliza jambo hilo hadharani 1977. Mtoto hawezi kuchambua lipi la kweli na lipi la gemu kama hana wa kumwambia.

Na wa kumwambia wapo, ndo hao wazee wetu. Maana hii vita baridi wanayoiona kwenye kioo haikupita mbali na sisi. Kennedy kauliwa siku 18 kabla ya Zanzibar kupata uhuru tarehe 10 Disemba, na Mapinduzi Januari yake. Tunguu hapo Wamarekani walikuwa na kituo cha kufatilia vyombo vya anga, John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962 Unguja ilikuwa moja ya vituo vilivyomfatilia, kikafungwa 1964. Balozi mdogo wao hapa, Frank Carlucci, alifukuzwa mwanzoni mwa 1965, baadae akaja kuwa naibu mkurugenzi wa CIA na alafu Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Haya majengo ya Michenzani tunayoishi ni msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Mie la Tunguu nilisimuliwa na mzee mmoja barazani, kwa bahati tu, alisikia tunabishana habari za Warusi akaweka kikombe chake cha kahawa chini akaanza. Vijana walimsikiliza mpaka adhana, na siku ile hakuna aloomba pedi.

Kuhusu umri msomaji mwenzangu ana haki. Gemu ile imeandikwa kwenye kasha kwamba si ya watoto, ina mateso na damu, na mtoto wa miaka tisa hakutakiwa kuwa pale kwenye kindoo, na sisi wakubwa ndo tulomwachia. Wenye vibanda wasimamiwe kwa hilo, mie wa mwanzo kuunga mkono. Lakini asiseme hakuna hadithi.

Yule mtoto leo ni mtu mzima, yuko Wete ana duka lake la simu. Tukipigiana bado tunabishana, yeye anaamini katika ile stori Mason alimuua Kennedy kweli na hajijui, mie nasema kasumba ya Reznov ilishinda, na hatujapatana. Ila la Reznov tulishamaliza. Na kama kuna msomaji bado anasema yu hai, arudie misheni yoyote ya Vietnam ambayo Reznov yumo, azime sauti kabisa, asisome maandishi ya chini, na amwangalie Woods kila Reznov anapoongea.

Wako msomaji,
Michenzani, Unguja