Mwamba ngoma naye apigiwe makofi

Mhariri,

Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, leo kikiitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), na wapigaji ngoma vijana hapa hawakosi vigelegele. Sisi tunawapongeza wanafunzi wanaoziwamba hizo ngoma.

Ngozi ya mbuzi hulowekwa usiku kucha, ndipo inyolewe manyoya kwa wembe. Vigingi vya kuishikiza ngozi kwenye ngoma hugongwa viwili viwili vinavyotazamana, kimoja huku, cha pili ng'ambo. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, kweli, lakini ikivutwa upande mmoja tu sauti hupotoka, na ikishakauka dawa ni kuiloweka upya. Hukaushwa kivulini. Jua la mchana huikaza ghafla, nayo hupasuka penye matundu ya vigingi. Halafu kuna unyevu wa bahari, ambao mji huu haukwepi: jioni ngozi hulegea, ngoma ikatoa sauti butu badala ya kulia. Hapo hupashwa moto, ikigeuzwa-geuzwa, bila kusogezwa kwenye ndimi.

Kijana anayeyaweza haya ni fundi. Waandaaji wa maonyesho ya shule na vyuo, tajeni jukwaani jina la mwambaji pamoja na la mpigaji.

Walimu wa sanaa,
Bagamoyo