Meseji za kupunguza mwili ziulize, zisihubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie ile makala ya afya iliyowashauri wenye uzito mkubwa wapakue programu za kuhesabu chakula kwenye simu. Nia ni njema. Lakini mimi ni mama lishe hapa Msamvu, Morogoro, na simu yangu ni kitochi. Wenzangu wengi wa jikoni wako hivyohivyo, na hata mwenye simu kubwa bando lake linakata kabla ya jioni. Kijana wangu aliwahi kuipakua moja ya programu hizo. Ikamuuliza amekula gramu ngapi. Bandani kwangu tunapima kwa upawa na kwa sahani, na ugali wenyewe haukuwemo kwenye orodha yao.

Kitu ambacho kila simu inacho ni meseji. Huko ndiko ningependa Wizara ya Afya na kampuni za simu waelekeze nguvu.

Nina presha, na kliniki waliniambia nipunguze mwili. Walinieleza vizuri, wakanipa na karatasi. Ila ushauri wa kliniki unaupata asubuhi moja, kisha unarudi kwenye mafuta yako mpaka tarehe nyingine. Na kazi yetu hii, unene hauji kwa kukaa mezani. Unaonja mchuzi, unaonja wali, mteja kaacha nusu chapati unaona uchungu kuitupa, jioni unakwangua ukoko. Ukiulizwa umekula nini unasema sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na unaamini kabisa.

Binti wa dada yangu ni muuguzi, yuko mkoa mwingine. Yeye ndiye aliyeanza kunitumia meseji, wala hakunitumia somo. Aliuliza tu: "Shikamoo ma'mdogo. Leo kwenye chai umeweka vijiko vingapi?" Nikajibu vitatu. "Basi kesho viwili na nusu." Alasiri, wateja wakishapungua, inaingia nyingine: "Umekaa ukala, au bado unaonja?" Hiyo ya alasiri ndiyo iliyonifaa kuliko zote, maana inanikuta kijiko kikiwa mkononi. Siku hizi napakua sahani yangu mapema, mchicha mwingi na ugali kidogo, naifunika, halafu nakaa nakula kama mteja. Nisipojibu mpaka usiku, anapiga. Nilikuwa na kilo 94, sasa nina 87. Vidonge vya presha bado nameza kama nilivyoandikiwa, asije mtu akasema meseji zinatibu presha.

Nilipomuuliza jambo hili kalitoa wapi, akaniambia limefanyiwa utafiti. Huko San Diego, Marekani, watu wenye uzito uliozidi walitumiwa meseji mara mbili hadi tano kwa siku kwa miezi minne. Matokeo yalitoka mwaka 2009: walipungua karibu kilo mbili zaidi ya wenzao waliopewa maandishi ya karatasi tu. Kilo mbili si nyingi, mwenye kutaka kucheka acheke. Nilichokishika mimi ni kwamba meseji hazikuachwa ziende zenyewe. Kila mwezi kulikuwa na mshauri anayewapigia simu.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa jirani zetu Kenya, ingawa haukuhusu unene. Ulihusu watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wagonjwa 538. Nusu yao kliniki iliwatumia meseji moja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 na yalionyesha kuwa waliotumiwa meseji walishika dozi vizuri zaidi, asilimia 62 kwa 50 ya wenzao. Hakukuwa na mahubiri kuhusu dawa wala jina la ugonjwa. Mume au mtoto akiishika simu, anaona salamu tu.

Siri hiyo ni muhimu hata kwetu sisi wanene, tena sana. Mwanamke akikonda hapa mtaani haambiwi hongera. Anaulizwa, "Unaumwa?" Wengine hawaulizi, wanaambiana pembeni kwamba ameshaupata. Mume wangu amewahi kuulizwa na rafiki zake kama siku hizi hanitunzi. Ndiyo maana sitaki vikundi vya kutangaziana kilo, ambavyo makala yenu ilivisifu. Meseji yangu naisoma mwenyewe nyuma ya jiko, najibu, nairudisha simu kwenye kibwebwe.

Serikali haitakuwa inaanza na sifuri. Mwaka 2012 ilianza kampeni ya Wazazi Nipendeni: mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, bila malipo, akawa anapokea ujumbe wa Kiswahili kulingana na umri wa mimba yake. Kama liliwezekana kwa mimba, kwa nini lisiwezekane kwa uzito? Takwimu za taifa zilionyesha kuwa mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na kufikia 2015-16 wakawa 28. Hapo sijawagusa madereva na matingo ninaowapakulia kila siku, ambao kitambi wanakiita mali.

Kwa sasa meseji ninazopata kutoka kwa nisiowajua ni za kubeti, za mikopo, na ya yule tapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Laini zipo na mitambo ipo. Ninachoogopa ni kwamba huduma ikija itakuwa ya kutuma tu: "Kula mlo kamili, fanya mazoezi." Hiyo tutaifuta pamoja na za kubeti. Iulize jambo moja dogo linalohusu chakula chetu: sukari ya chai, mafuta ya kukaangia, soda, ugali wa usiku. Kujibu kuwe bure. Na kila wilaya wawepo wauguzi wachache waliopangiwa kuzisoma "shida" hizo na kupiga simu, na muda huo wa maongezi ulipwe na mwajiri, maana binti yangu analipa mfukoni mwake.

Ombi la mwisho kwa watakaopanga saa za kutuma: isiwe saa sita hadi saa nane mchana. Muda huo tunapakua, hakuna atakayejibu.

Mama Lishe,
Msamvu, Morogoro