Barua ya Wazi kwa Wanandoa Mnaotumwa Ng'ambo ya Ruvuma

Wanangu wapendwa,

Nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mkunga mstaafu na mjane wa mchungaji. Kuanzia mwaka 1993, mwaka mmoja baada ya mapatano ya Roma kusimamisha vita vya Msumbiji, mimi na marehemu mume wangu tulitumwa katika mkoa wa Niassa kufungua kituo cha injili na zahanati, tukakaa huko miaka 11. Sikuwa na nia ya kuandika lolote. Nilikuja kwenye ibada ya kuwaaga ninyi mnaovuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji, Jumapili ile, ili niwaombee na kurudi nyumbani, maana magoti yangu hayapendi tena mabenchi ya kanisa. Lakini nililoliona pale nimelala nalo na kuamka nalo kwa majuma matatu, na halijakubali kuondoka.

Mlisimamishwa mbele ya madhabahu, familia nne. Wanaume mlitajwa mmoja mmoja kwa jina, kwa chuo mlichosoma na kwa eneo mnalopelekwa. Wanawake mlitajwa kwa mkupuo, "pamoja na wake zao na watoto", kana kwamba mmefungwa kwenye mizigo pamoja na magodoro. Baadaye, wakati wa chakula, nilimuuliza dada mmoja aliyekaa karibu nami anafanya kazi gani, akaniambia kwamba ni mtaalamu wa maabara, ana miaka tisa kazini, na wiki iliyotangulia alikuwa amewasilisha barua ya kuacha kazi. Anapelekwa mahali ambapo, kwa maelezo ya mumewe mwenyewe, zahanati haina mtu wa kupima damu kwa hadubini, naye anapelekwa huko kwa cheo cha mama mchungaji. Pilau ile sikuimaliza.

Ugonjwa huu ni mkongwe kuliko makanisa yetu. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa akiwa na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Mwezi Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na katika siku chache mama na mtoto wakafariki. Walizikwa upande wa bara, Nyali. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni ishara ya kazi iliyokwisha kuanza, na nimewasikia wahubiri wengi wakilitumia neno hilo kuwatia watu moyo. Mimi ni mkunga, na kila ninapolisikia nawaza ni nani aliyekuwa chumbani na yule mama, na kama alikuwapo mtu aliyemuuliza, kabla ya kupanda jahazi, kama yuko tayari.

Mary Moffat, mke wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone, alizaliwa kusini mwa Afrika na alikijua Kitswana tangu utotoni. Mwaka 1852 mumewe alimpandisha meli mjini Cape Town pamoja na watoto wanne kwenda Uingereza, naye Mary akatanga huko zaidi ya miaka minne kwa dhiki ya fedha, huku jina la mume likizidi kuvuma. Alifariki kwa homa mwaka 1862 pale Shupanga, kando ya Mto Zambezi, katika Msumbiji hiyo hiyo mnayoiendea.

Nisije nikawatisha kwa makaburi tu. Katharine Timpson aliingia Uganda mwaka 1897 akiwa muuguzi, katika msafara uleule wa daktari Albert Cook, na hawakuoana hadi mwaka 1900. Hospitali ya Mengo, aliyoianzisha Cook, hutajwa kwa jina la mume, lakini mafunzo ya wakunga wa Kiganda yalijengwa na mke, na mapema miaka ya 1920 chuo chake kilikuwa kimefunguliwa, wanafunzi wake wakaenda kuzalisha vijijini ambako daktari hakufika. Alikwenda na kazi yake mkononi, akaoana nayo kwanza, ukiniruhusu mzaha wa kizee.

Kwa hiyo, akina baba, kabla hamjavuka mto nendeni ofisini mkaombe mkataba wenye majina mawili, mishahara miwili na michango miwili katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Mimi nilizalisha mchana na usiku kwa miaka 11, nikapima uzito wa watoto, nikafundisha wanawake, na katika vitabu vya waliotutuma niliandikwa kwa neno moja, "mke". Nilipostaafu na kwenda kudai mafao yangu, miaka hiyo haikuonekana popote. Karani aliniuliza kwa upole nilikuwa wapi muda wote huo, nikakosa la kumjibu.

Sasa nije kwa watoto, na hapa mnisamehe nikikaa muda mrefu.

Wazungu walioleta injili huku walikuwa na mtindo wa kuwapeleka watoto wao bweni wakiwa wadogo. Shule ya Kijabe, nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipokea watoto wa wamisionari kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati, na wengi wao walipata elimu nzuri kabisa. Sisi tuliurithi mtindo huo bila kuuliza uligharimu nini. Wanangu wawili niliwaacha kwa mama yangu, Songea. Wa kiume akiwa na miaka saba na wa kike miaka minne. Sababu zilikuwepo, wala sizikani: kulikuwa na mabomu ya ardhini ambayo hayajateguliwa, watoto hawakuweza kuacha njia hata kufuata embe lililoanguka, na shule ya karibu, iliyofundisha kwa Kireno, ilikuwa haina paa. Sijui mpaka leo kama ningeamua vingine. Ninachojua ni kwamba likizo ya kwanza niliporudi, mwanangu alinipa shikamoo kwa mikono miwili kama anavyomsalimu mwalimu, na ilipofika saa tisa akaniomba ruhusa ya kunywa maji. Nyumbani kwao! Dada yake alimwita bibi yake "mama", na mimi akaniita "mama wa Msumbiji", jina lililoniganda hata alipofika kidato cha nne.

Wahubiri wetu hulipenda sana lile neno la Marko kuhusu mtu aliyeacha nyumba, ndugu na watoto kwa ajili ya injili. Sijawahi kumsikia hata mmoja, katika ibada ya kuaga wamisionari, akifungua Timotheo wa Kwanza sura ya tano, mstari wa nane, ambapo Paulo anasema asiyewatunza walio wa nyumbani mwake ameikana imani. Mstari huo tunauhifadhi kwa ajili ya walevi.

Kama mtoto anaweza kwenda, aende. Ajifunze Kireno, acheze na wenyeji, aumwe malaria akiwa mahali ambapo wewe unayo dawa. Kama hawezi, basi andikeni sasa, mkiwa bado na akili tulivu, ni mara ngapi kwa mwaka mtamwona na nauli hiyo italipwa na nani. Ahadi ya mdomo ya kamati ya misioni huisha kamati inapobadilishwa.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Jifunzeni lugha ya wenyeji kwa miezi sita kabla ya kuhubiri neno lolote. Fedha za zahanati na fedha za kanisa zikae katika vitabu viwili. Msimfukuze mgonjwa kwa sababu ana hirizi, wala msimpige picha. Vifaa vya msaada msivyovijua matumizi yake msivipokee.

Kuhusu zahanati yenyewe, nina kosa la kuungama. Ufunguo wa kabati la dawa ulikaa shingoni mwangu miaka yote 11. Nilijiambia kwamba ni uaminifu. Msumbiji ilikuwa imeanza kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini tangu mwaka 1978, na mmoja wao, mama mtulivu aliyewahi kuzalisha porini wakati wa vita, alifanya kazi chini yangu bila mimi kumkabidhi hata daftari la kuagizia dawa. Tulipoondoka, wafadhili nao wakaacha kutuma dawa, na baada ya miaka miwili nilipata habari kwamba jokofu la chanjo limegeuzwa kabati la nguo. Laiti ningalisikiliza. Tume ya Kitabibu ya Kikristo, iliyoundwa na Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1968, ilikuwa imekwisha kuyaonya makanisa kwamba yamemimina nguvu zao katika kuta za hospitali na kuwasahau watu wa kijijini, na mawazo yake yalisaidia kuandaa njia ya azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi kwa watu wote. Mimi nilikuja miaka 15 baadaye na ufunguo shingoni.

Na ninyi viongozi wetu, mtaniwia radhi. Sherehe ile ilikuwa na maturubai, vipaza sauti, keki ya ngazi tatu na sare za vitenge kwa kwaya nne. Nilipomuuliza mhusika kuhusu bima ya afya ya familia zinazoondoka, alinijibu kwamba Mungu atawatunza. Tumekuwa watu wa kuaga kwa kishindo na kupokea kwa kunong'ona. Sisi tuliporudi mwaka 2004 tulikutwa kituo cha mabasi na mdogo wangu peke yake, akiwa na baiskeli ya kubebea mizigo. Makanisa yetu yalilalamika miaka mingi kwamba Wazungu wanatutazama kama vibarua wao, na sasa zamu imefika ya sisi kutuma, tunawatuma watoto wetu kama vibarua.

Dada wa maabara, wewe uliyekaa nami mezani, sikukuuliza jina na najuta. Kama barua ya kuacha kazi haijajibiwa, iombe irudi, kisha uombe likizo bila malipo, na ofisi ya kanisa ikuandikie barua ya uteuzi inayotaja taaluma yako. Kisha uje kwangu kabla ya safari. Nina daftari la jalada la bluu ambalo nilianza kuliandika wiki ya kwanza kule Niassa, lenye maneno ya Kireno na Kiyao ambayo mwanamke huyahitaji kusikia usiku wa uchungu: pumua, subiri, sukuma sasa, mtoto ni mzima. Kurasa za mwisho bado ni tupu.