Liwali aliyewalipa wauaji

Kwako Neema,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama magoti yanamsumbua vilevile, mahindi yameanza kubeba. Mengine tutaongea tukionana, maana nimeshika kalamu kwa jambo moja na usiku umekwenda.

Ni ule ubishi wetu kwa kina Baraka. Ulisema wale watu wa visu wa Yerusalemu, Wayahudi waliokuwa wakiua kwa visu vya kuficha enzi za utawala wa Roma, walikuwa wapigania uhuru, basi, na Josephus, yule Myahudi mwandishi wa historia, kawapaka matope kwa sababu alishahamia upande wa Roma. Jumapili kikundi cha vijana kinaingia Matendo 24, Paulo mbele ya Feliki, liwali wa Roma katika Uyahudi. Najua wataniuliza hayohayo, na sitaki kuwajibu juujuu.

Kuhusu Josephus nakubaliana nawe. Alijisalimisha mwaka 67, kisha akaishi Roma kwa hisani ya Kaisari Vespasian. Hawezi kuwasema vizuri. Lakini Neema, kuna habari moja anayoisimulia ambayo inamchafua mtu wa Roma mwenyewe, nayo ndiyo inayoninyima usingizi: kifo cha Yonathani.

Yonathani aliwahi kuwa kuhani mkuu, na ndiye aliyemwomba Kaisari amlete Feliki. Mambo yalipoharibika akawa hamwachi apumue: tawala vizuri, watu watanilaumu mimi niliyekuombea. Feliki akamchoka. Akamhonga Dora, rafiki ambaye Yonathani alimwamini kuliko wote, atafute wauaji. Wakapanda mjini kama watu wanaokwenda kuabudu, visu vimefichwa ndani ya nguo, wakajipenyeza hadi karibu yake, wakamchoma. Hakuna aliyeadhibiwa.

Baada ya hapo ikawa mazoea. Kila sikukuu, umati umefurika, mtu anaanguka mchana kweupe, na aliyemchoma yumo palepale akipiga mayowe pamoja na wenzake waliofiwa. Wengine waliuawa kwa visasi, wengine kwa kulipwa tu, hata ndani ya Hekalu. Josephus anasema hofu ilikuwa mbaya kuliko vifo vyenyewe: watu walikuwa wakiwachunguza maadui zao kwa mbali, na hata rafiki akisogea hawamwamini. Baada ya Dora, nani angemwamini rafiki?

Halafu ndiye Feliki huyuhuyu aliyekuwa akimwita Paulo mara kwa mara akitumaini kupewa fedha! Mtu wa rushwa ni wa rushwa tu. Na katika kitabu chake cha kwanza Josephus anakitaja kifo cha Yonathani bila kumgusa liwali. Ni kwenye kile cha baadaye, karibu mwaka 93, ndipo anapomtaja. Kwa nini alingoja muda wote huo?

Siwafutii madai yao. Kodi zilikuwa nzito, madeni yalikuwa yamewakaba maskini, na mwaka 66 waasi, watu wa visu wakiwamo, walipochoma nyumba ya kumbukumbu, hati za madeni zikateketea. Hapo naelewa watu walivyowafuata. Ila nihesabie waliouawa. Yonathani, Myahudi. Anania, kuhani mkuu aliyeamuru Paulo apigwe kinywani, walimtoa mafichoni kwenye mfereji wa maji wakamuua, Myahudi. Na wakiwa kwenye ngome ya Masada waliishukia Engedi, mji wa Wayahudi wa jirani, wakati wa Pasaka. Josephus anataja zaidi ya 700 waliouawa, wanawake na watoto. Hata kama kaongeza idadi, wale walikuwa majirani zao.

Ndiyo maana bado siwezi kuwaita wapigania uhuru. Lakini siwezi pia kuwaambia vijana kwamba liwali alikuwa pembeni akisikitika, wakati yeye ndiye aliyelipa na kuwaachia waendelee. Hata baadaye, enzi za liwali Albino, watu wa visu walimteka katibu wa Eleazari, mtoto wa yule Anania. Anania akamwomba Albino, wafungwa kumi wa kundi lao wakaachiliwa. Walipoona inalipa wakaendelea kuteka watu wa nyumba ile ile.

Sasa naomba msaada. Ule Josephus mnene uko kwako au kwa Rehema? Unaweza kuutuma kwa basi kabla ya Jumamosi? Na wewe mwenyewe huwezi kuja? Vijana wanakupenda, na ningependa wakusikie ukinipinga. Hili la Engedi unalijibuje? Na Dora, unadhani alikubali kwa fedha tu, au liwali alimtisha? Shemeji amepata ile kazi?

Wako,
Tumaini