Harufu ya petroli kwenye banda la gari sio ya kuzoea

Mhariri naomba nafasi kidogo niseme na wenzangu tunaolaza gari kwenye banda lililoshikana na nyumba. Gari yetu ilikaa wiki 3 haitembei, asubuhi nikifungua mlango wa jikoni harufu ya petroli inanipiga usoni, watoto wanalalamika kichwa, mimi nikawa nafukiza udi kuiua ile harufu, yaani nawasha moto humohumo, nikikumbuka natetemeka. Fundi alipofika kabla hata hajagusa gari akasema msiwashe taa, fungueni milango yote, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni mpaka ukutane na jiko au cheche ya friji. Kumbe mpira wa mafuta karibu na tenki umepasuka na raba ya mfuniko imechoka. Vimebadilishwa, harufu kwisha.

Jamani mnaojenga, acheni matundu ya hewa chini pia, wengi tunaweka juu tu. Na yale madumu ya petroli ya jenereta yatoeni ndani leo hii.

Mama wa watoto watatu,
Tabata, Dar es Salaam