Barua ya kufunga muhula: kuhusu wanamuziki wanaofundisha watoto wetu

Wazazi na walezi wapendwa,

Salamu nyingi kutoka shuleni. Muhula umefika ukingoni, na ripoti za watoto mtazipokea Ijumaa kutoka kwa walimu wa madarasa. Kwa jumla tumekwenda vizuri. Mahudhurio yamepanda. Hesabu za darasa la tano bado zinatusumbua, na mwalimu wao atazungumza na kila mzazi atakayefika. Vitabu kadhaa vya maktaba havijarudi, tafadhali vitafuteni. Mengine yote yamo kwenye ripoti.

Barua hii nataka kuitumia kwa jambo moja ambalo wengi wenu mmeniuliza, getini, kwa simu na hata katika mkutano wa wazazi: wale wanamuziki wanaokuja Jumanne na Alhamisi wanafanya nini hasa, na kwa nini tumewapa vipindi vya masomo?

Ni wanne: mpiga tarumbeta, mpiga fidla, mpiga gitaa na mpiga ngoma. Wote wanaishi kwa muziki. Wanapiga kwenye maonyesho, wanarekodi studio, wanasindikiza kwaya na bendi za watu wengine. Hakuna hata mmoja aliyesomea ualimu. Hilo liliwatia wasiwasi baadhi yenu, na mimi pia lilinikosesha usingizi kabla ya muhula kuanza. Shule ya umma ya mjini, yenye darasa la watoto 48, si mahali pa kumtupa mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watoto.

Wasiwasi wangu uliisha Jumanne moja ya wiki ya tatu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa la sita. Mwalimu wa fidla alikuwa akiwapigia watoto wimbo ambao wangeanza kujifunza siku hiyo. Katikati akakosea. Kidole cha tatu kilitua juu kidogo ya pale kilipotakiwa kutua, sauti ikatoka kali, watoto wakaguna. Angeweza kupita tu, kama wafanyavyo wengi mbele ya watu. Yeye akasimama. Hakurudi mwanzo wa wimbo. Alirudi kwenye zile noti sita tu, akazipiga polepole mno, moja baada ya nyingine, akiisikiliza kila moja kabla ya kuigusa inayofuata. Mara ya kwanza bado. Mara ya nne zikakaa sawa. Akazirudia mara tatu zaidi ili vidole vizoee, kisha akaziunganisha na zilizotangulia na zilizofuata, na wimbo ukaendelea. Darasa zima lilikuwa kimya. Wengine walikuwa wakihesabu kwa vidole. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mwalimu, kumbe hata wewe unakosea?"

"Kila siku," akamjibu. "Kazi yangu ni kujua nimekosea wapi."

Nimefundisha miaka mingi, na jambo hilo nimelihubiri miaka yote bila kulionyesha. Mtoto akikosea hesabu ndefu ya kugawanya, huifuta yote, huanza upya, na mara nyingi hukosea palepale alipokosea mwanzo. Sisi walimu nasi tunachangia, kwa sababu ubaoni huandika jibu ambalo tumeshalijua. Mtoto haoni tukihangaika. Mwanamuziki huhangaika mbele ya watoto, kwa utaratibu, bila aibu, kwa sababu ndivyo anavyofanya kazi kila asubuhi chumbani kwake. Wiki chache baadaye mwalimu wa hesabu aliniletea daftari la mwanafunzi wa darasa hilo. Mtoto hakuwa amefuta kitu. Alikuwa amechora duara dogo kwenye mstari wa tatu, pale aliposahau kushusha tarakimu, akasahihisha kuanzia hapo. Alipoulizwa nani kamfundisha hivyo, akasema ndivyo wanavyofanya kwenye fidla.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke na barua hii akiamini kwamba muziki utampandishia mtoto wake alama. Mnakumbuka ile habari kwamba kusikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa Ulaya wa karne ya 18, humfanya mtoto awe na akili zaidi? Ilitokana na utafiti mdogo wa mwaka 1993 uliofanyiwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto, na nafuu iliyoonekana ilidumu dakika kama kumi na tano tu. Baada ya hapo watu wakaikuza, hata mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia huko Marekani akapendekeza kila mtoto mchanga apewe kanda au diski ya muziki huo. Mimi siwaahidi kitu cha namna hiyo. Muziki unastahili kufundishwa kwa sababu ni muziki, na mtoto wa shule ya umma ana haki nao sawa na mtoto ambaye wazazi wake wanaweza kumlipia mwalimu nyumbani. Daftari lile la hesabu nimelitaja kwa sababu nililiona kwa macho yangu, na likanifurahisha.

Wala wazo la kumwita fundi wa muziki aje afundishe si jipya. Mwaka 1703 Vivaldi, padri kijana na mpiga fidla hodari, aliajiriwa kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà huko Venice, makao ya watoto waliotelekezwa. Wasichana waliolelewa humo wakawa wapigaji ambao wasafiri wa Ulaya walifunga safari kwenda kuwasikiliza. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa shule kama yetu. Huko Chicago, Walter Dyett alikuwa akipiga fidla katika okestra ya jumba la maonyesho na kuongoza bendi ya jeshi kabla ya kuingia darasani mwaka 1931. Alifundisha katika shule ya umma ya Wendell Phillips, kisha DuSable, hadi miaka ya 1960, katika sehemu ya mji ambayo watoto wake weusi hawakuwa na milango mingi iliyo wazi. Mikononi mwake walipita waimbaji na wapigaji waliokuja kuwa mashuhuri: Nat King Cole, Dinah Washington, Gene Ammons na Johnny Griffin. Dyett alisifika kwa ukali wake kuhusu noti iliyokosewa. Waliotoka kwake wengi hawakuwa wanamuziki kabisa, na nina hakika hao nao walibeba kitu.

Sasa niwajibu wale waliolalamika kwamba wiki nne za kwanza watoto hawakupewa chombo chochote, waliimba tu. Ni kweli, na ilikuwa makusudi. Waliimba solfa, do, re, mi, kwa ishara za mkono: ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi. Ishara hizo zilienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na mtunzi wa muziki Zoltán Kodály wa Hungaria akazifanya sehemu ya mafunzo ya shule za kwao, ambako mwaka 1950 ilifunguliwa shule ya msingi mjini Kecskemét iliyokuwa na kipindi cha kuimba kila siku. Hoja yao ni rahisi. Fidla haina alama ya kumwonyesha mtoto aweke kidole wapi. Sikio lisipoijua noti kabla, kidole kitapapasa tu. Mtoto aliyeiimba mi kwanza anajua anachokitafuta.

Vyombo vyenyewe havitoshi. Tuna fidla kumi na mbili, kwa hiyo watoto wanne wanatumia fidla moja, na mwalimu wao amegeuza uhaba huo kuwa somo. Mmoja anapiga. Wa pili anatazama kiwiko na kidole kidogo cha mkono wa upinde, ambacho lazima kikunjwe na kukaa juu ya mti wa upinde kama ndege aliyetua. Wa tatu anahesabu mapigo kwa sauti. Wa nne anafuata noti kwa kidole karatasini. Baada ya dakika tatu wanabadilishana. Nimekaa na kundi moja kipindi kizima, na naweza kuwahakikishia kwamba yule anayetazama kiwiko hufanya kazi kama yule anayepiga. Waliouliza kuhusu tarumbeta: kila mtoto ana kipande chake mwenyewe cha kupulizia mdomoni, hakiazimwi, na huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Makosa nayo yalikuwapo, na moja ni langu. Mwanzoni nilipanga muziki saa mbili asubuhi. Mwanamuziki hufanya kazi usiku. Mpiga ngoma alikuwa akifika macho mekundu, amelala kwa muda wa saa mbili tu, na watoto walikuwa wakipata mabaki yake. Tukahamisha vipindi hadi saa saba mchana na tofauti ilionekana wiki ileile. Jingine: mpiga gitaa alipata safari ya maonyesho, tukakosa vipindi vitatu mfululizo. Sikumlaumu, kwa sababu ndiyo riziki yake, lakini watoto waliachwa na mwalimu asiyejua hata jina la uzi wa kwanza. Tangu hapo kila mwanamuziki amewekwa pamoja na mwalimu wa darasa, na mwalimu huyo haketi nyuma akisahihisha madaftari. Anashika chombo, anajifunza pamoja na watoto. Mwanamuziki anapata mtu wa kumsaidia kutuliza darasa, nasi tunapata mtu wa kubaki na kazi akisafiri. Huko New York wana mpango unaofanana na huu, Ensemble Connect, ulioanzishwa mwaka 2007 na ukumbi wa muziki wa Carnegie Hall pamoja na chuo cha sanaa cha Juilliard: wapigaji vijana wa kiwango cha juu huwekwa katika shule za umma za jiji bega kwa bega na walimu wa muziki waliomo humo.

Hapo kwenye "waliomo humo" ndipo moyo wangu unapouma. Sisi hatuna mwalimu wa muziki wa kudumu. Jiji hilohilo la New York lilipokaribia kufilisika mwaka 1975, walimu kwa maelfu waliachishwa kazi, na muziki na sanaa viliumia sana. Kuna shule zilizokaa miaka mingi bila mwalimu wa masomo hayo. Wanamuziki wa kuja na kuondoka walisaidia kuziba pengo, lakini pengo lenyewe halikufungwa. Sitaki wageni wetu hawa wema wawe sababu ya mtu kusema shule hii imeshapata muziki wake, haihitaji ajira. Barua ya kuomba mwalimu nimeiandika mara mbili na bado sijajibiwa. Nitaandika tena wakati wa likizo, na kamati ya wazazi imekubali kutia saini pamoja nami. Yeyote mwingine anayetaka kuongeza jina lake afike ofisini kabla ya Ijumaa saa tisa.

Sasa likizo. Watoto ishirini na sita watakwenda nyumbani na vyombo, na orodha yao ipo kwenye ubao wa matangazo. Fidla isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Gundi yake huachia kwa joto. Baada ya kupiga, nywele za upinde zilegezwe. Vigingi vya kukazia nyuzi msiviguse, hata kama sauti imeshuka. Uzi ukikatika unaweza kumpiga mtoto usoni. Kipande cha kupulizia cha tarumbeta kikikwama, msikivute kwa koleo. Kileteni hivyohivyo, tuna kifaa chake.

Kuhusu mazoezi, dakika kumi kila siku zinatosha, na zina faida kuliko saa nzima ya Jumapili. Mtasikia kelele. Mtasikia noti tano zilezile zikirudiwa mpaka mtamani kumwambia mtoto apige wimbo mzima mmsikie. Nawaomba sana msimwambie hivyo. Kurudia kule ndiko kazi yenyewe. Mwenda pole hajikwai, na mtoto anayepiga polepole mno anafanya alichofundishwa. Mkitaka kumsaidia, keti naye umwulize, "Ni noti ipi inayokusumbua?" Kisha mwache akuonyeshe. Huhitaji kujua muziki ili kuuliza hivyo. Ambao watoto wao hawakupata chombo, wana solfa na mikono yao, na nyimbo mbili walizofundishwa zinaimbika bila kitu chochote.

Tutafungua Jumatatu ya kwanza baada ya likizo. Alhamisi ya wiki hiyo, saa kumi jioni, darasa la sita litapiga nyimbo hizo mbili katika ukumbi wa shule, na wote mnakaribishwa, pamoja na babu, bibi na wadogo zao. Njooni mapema, viti ni vichache. Mwalimu wa fidla ameniomba niwafikishie ombi lake moja: mtoto akisimama katikati ya wimbo na kurudi nyuma kidogo, msimpigie makofi ya kumwokoa wala msimcheke. Nyamazeni, msubirini amalize.

Nawatakia likizo njema ninyi na watoto.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu