Asante, mama wa chai wa Amudat

Mama, shukrani hizi tunazitoa hadharani. Majaribio yetu ya dawa za kala-azar (ugonjwa hatari wa vimelea) huku mpakani mwa Uganda na Kenya huweza kukwama kwenye ridhaa ya mgonjwa. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti. Shahidi akikosekana, mgonjwa huyo hasajiliwi.

Uliacha birika jikoni ukaja kuwa shahidi, ukasikiliza fomu yote ikisomwa kwa Kipokot, ukamtaka mgonjwa aieleze mwenyewe, ndipo ukatia sahihi. Tena ukaandika wagonjwa huhamia malisho gani kiangazi, na simu ya duka la jirani (hilo hatukukuomba). Uchunguzi wa miezi 6 baada ya tiba ndio huonyesha kama ugonjwa umerudi, na wafugaji huwa wameshahama.

Wenye maduka, tukipiga simu kuwatafuta, pokeeni.